Kibuyu Nilichokiosha Mara Saba

Mzee Karisa amezikwa Mtopanga mwezi uliopita, nami nikaenda matangani nimejitanda mtandio hadi puani, nikijipa moyo kwamba hakuna atakayenikumbuka. Mjane wake, Dama, alinikumbuka kabla sijavua viatu. Alinishika mkono akaniketisha jamvini katikati ya mawifi zake, na kijana mmoja alipouliza huyu bibi wa Kiislamu ni nani kwetu, Dama akamjibu bila kupepesa macho, "Huyu ndiye aliyetuoshea kibuyu." Watu wakacheka. Kimekuwa kisa cha ukoo sasa, husimuliwa hata harusini. Nikacheka nao, ningefanya nini, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Nimestaafu nikiwa profesa. Macho yangu nimeyamalizia kwenye hadubini, nikitazama viumbe vya seli moja, jinsi vinavyogeuka kizazi baada ya kizazi hadi mjukuu hafanani tena na babu. Kila nilipoalikwa kuzungumza waliniuliza nilianzia wapi. Nikiwaambia nilianzia kwenye tembo la mnazi hucheka, nami huwaacha wacheke, kisha nikabadilisha mazungumzo. Mwaka wenyewe sijapata kuueleza.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasomea shahada ya pili, nakaa Jomvu Kuu kwa shangazi yangu Bi Nuru. Shangazi alikuwa akiwasomesha wanawake dini pale pale sebuleni kwake. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, karibu na choo: kitanda cha kamba, meza ya vitabu, na kidirisha kilichotazama kisima. Kati yangu na sebule palikuwa na pazia tu, kwa hivyo kila neno la sebuleni lilikuwa langu na kila kikohozi changu kilikuwa chao. Siku niliyofika alinipakulia mbaazi za nazi na mahamri, akaningoja nishibe, kisha akaniambia nyumba hii ni ya Qur'ani, mwanangu, nakuomba usiniletee la kunitia haya. Basi, hakuongeza. Hakuwa mkali hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha, maana mtu mkali unamwona akija. Aliponiuliza nasomea nini, nikamwambia maziwa lala, namna maziwa yanavyoganda. Uongo huo sikuupanga. Ulinitoka laini kama uji, nami mwenyewe nikaustaajabia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasomea hamira ya tembo, na kila baada ya siku mbili tatu nilikuwa nikishinda nyumbani kwa mgema. Nikirudi nilipitia kisimani kwanza, nikasukutua, nikajisugua mikono kwa ndimu hadi ikawasha. Nilijua nikifukuzwa pale sina pengine pa kwenda, na masomo ndiyo yamekwisha.

Mgema mwenyewe ndiye huyo Karisa wa Mtopanga, wakati huo mtu wa makamo, mwembamba, mwenye ulimi kama wembe. Duniani alichukia methali moja tu, ile ya mgema akisifiwa. Ukiitaja mangweni kwake, yaani pale uani wateja walipoketi kunywa, ujue umekunywa lako la mwisho siku hiyo. Na kusifiwa alisifiwa, kwani tembo lake likigemwa alfajiri, alasiri bado ni tamu, wakati la wenzake limeshakuwa siki. Siri yake ilikuwa kibuyu kikubwa, cheusi kwa uzee, walichokiita mama. Alikirithi kwa baba yake, aliyekirithi kwa babake. Hakikuoshwa kwa sabuni wala kuanikwa juani. Tembo lilimiminwa, mashapo yakabaki chini, na kesho yake tembo jipya likaja juu ya mashapo yale yale. Kisha vibuyu vidogo vilionjeshwa kidogo kutoka kwa mama kabla ya kupandishwa minazini. Kwa Karisa hiyo ilikuwa desturi tu. Mimi niliyaweka mashapo hayo chini ya hadubini nikasahau kula. Hamira niliyoizoea hukaa chembe mojamoja, kila moja na lake. Ya Karisa ilikuwa imeshikana vishada vishada. Kwa miaka na mikaka chembe nyepesi zilikuwa zikimiminwa na kunywewa, na zile zilizoshikana zikazama ndizo zilizobaki kuzaa. Vizazi vitatu vya wagema vilikuwa vikichagua bila kujua kwamba vinachagua. Mwalimu wangu, Daktari Mumo, mtu wa Ukambani asiyejua kusifu, alitazama, akasema nilete nyingine. Vichupa vyangu vilikuwa vikiingia kuvu kila mara. Akataka nikwangue ukuta wa ndani wa kibuyu chenyewe, palepale maabara.

Nilimbembeleza Karisa mwezi mzima. Mwishowe alikuwa na msiba Kaloleni, hatagema Ijumaa hadi Jumatatu, akaniambia nichukue, ila nikibebe kama mtoto. Dama alikifunga kwa leso yake akaniambia kwa mzaha kwamba nikikivunja nitaolewa mimi badala yake. Nilifika Changamwe nikakuta maabara imefungwa mapema na mlinzi hana ufunguo. Sikuwa na la kufanya, nikaja nacho Jomvu, ndani ya kikapu, nikakisukuma chini ya kitanda. Kukwangua, nikasema, Jumatatu. Kijiko kimoja cha chai cha mashapo, kikiwekwa kando, kingetosha kuihifadhi hamira yote, na nilikuwa na kijiko. Hilo nimelirudia moyoni maisha yangu yote.

Jumamosi asubuhi wanawake wa darsa walikuja kama kawaida, wapatao kumi. Jua lilikuwa kali na bati limepata moto, na kibuyu kikaanza kunuka. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na daftari, nikiisikia harufu ikipanda, siki na utamu pamoja, ikipita chini ya pazia. Shangazi alikuwa akisoma. Kisha nikasikia mmoja akisema taratibu, Bi Nuru, humu mna harufu. Mwingine akasema ni panya amekufa. Wa tatu, sauti yake naijua hata leo, akasema hapana, hiyo ni harufu ya mangwe. Nilikibeba kibuyu nikaingia nacho chooni, nikafungulia maji kwa nguvu ili nisisikie shangazi atajibu nini. Birika la maji moto lilikuwa jikoni karibu, nikalichukua. Nikakiosha. Nilikiosha kwa sabuni, nikakiosha kwa maji moto, nikakisugua kwa mchanga, nikarudia, mara saba, kama sheria inavyotaka chombo kilicholambwa na mbwa, ilhali hakuna aliyeniambia tembo huoshwa hivyo. Mikono ilikuwa ikifanya yenyewe. Na nisijidanganye kwamba sikujua. Nilikuwa nimeandika kurasa arobaini juu ya chembe zile. Niliyaona mashapo yakienda na maji, ya kijivu, nikajua ninaua nini, na nikaendelea kusugua, kwa sababu wanawake kumi walikuwa nyuma ya pazia.

Shangazi hakuniuliza kitu. Tulikula wali na samaki wa kukaanga, akanichagulia kipande cha kichwa kama alivyopenda kufanya akiniona nimenyong'onyea. Jumapili nilikwenda Magogoni, kwenye mangwe nisikojulikana, nikaomba mashapo, nikasema ni ya dawa. Nikayamimina katika kibuyu, nikakizungusha, nikakiacha kifyonze hadi kikanuka tembo tena. Jioni nikamrudishia Dama. Alikinusa, akanitazama, akakipeleka ndani. Nikajiambia hamira ni hamira. Mimi, niliyekuwa nikiwafokea wenzangu kwamba hamira si hamira.

Haikufika wiki. Tembo la Karisa likawa linachacha saa nne asubuhi. Wateja kwanza walitania, kisha wakakunja nyuso, kisha mabenchi yakabaki matupu. Mashapo ya Magogoni yalikuwa yamepita kutoka kwa mama hadi kwenye kila kibuyu kidogo, na kila mnazi. Mimi niliendelea kwenda, maana kutokwenda kungenishtaki. Nilikaa jikoni na Dama nikimsaidia kukuna nazi, na humo jikoni ndimo nilimosikia kwa mara ya kwanza jina la Hawe Kache, yaani bibi Kache, likitajwa kwa sauti ya chini. Hawe Kache alikuwa mamake mdogo Karisa, mjane asiye na mtoto, nywele zote nyeupe, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Nyumba yake ya makuti ilikuwa nyuma ya mangwe, na kwa kuwa ilikuwa na ubaridi, kibuyu mama kilikuwa kikilala kwake. Basi. Hawakuhitaji zaidi ya hilo. Dama aliniambia vijana wa ukoo wanasema bibi amekila kibuyu kwa uchawi, na akishamaliza kibuyu atageukia watu. Nilimwuliza yeye anaonaje. Akasema yeye ni mke wa kuja, haoni kitu. Nikamwuliza Karisa anasemaje. Akaacha kukuna. Karisa hasemi, alinijibu, na hilo ndilo baya.

Sijui kama asiyekulia pwani hii anaelewa maneno hayo yana uzito gani. Sisi tulielewa. Kila mtu alikuwa amesikia habari ya mzee fulani, wa kijiji fulani, aliyekutwa shambani amekatwa. Hawe Kache alielewa kuliko sisi sote. Aliacha kuja jikoni. Awali alikuwa akinipa korosho za kuchoma kila nikija, anazimenya mwenyewe, na sasa nilimwona amekaa mlangoni kwake na mikono mitupu. Nikimpa shikamoo huitika marahaba bila kuinua uso. Alasiri moja nilipita hapo nikaona panga limelazwa kizingitini pake, jipya, limenolewa, makali yameelekezwa ndani. Hakuna aliyesema ni lake na hakuna aliyeliondoa. Bibi alikuwa ndani, namsikia akikohoa. Nililiruka kwa macho nikaenda zangu. Ndiyo, nilikwenda zangu.

Wiki sita nilikaa hivyo. Nilikuwa nikijihesabia hofu zangu moja moja: shangazi atanitoa, Daktari Mumo atanitoa, na wale vijana, wakishajua ni mimi, watanifanya nini? Kisha nikaja kwenye ile hofu ya bibi, nikaona zangu zote ni za mtu atakayebaki hai. Nilijua hivyo wiki ya kwanza. Kujua hakukunisaidia. Watu hudhani mwoga hajui lililo sawa, lakini anajua sana, anajua kwa undani kuliko shujaa, maana amekaa nalo siku nyingi zaidi. Miaka mingi baadaye wanafunzi wangu walikuwa wakinicheka kwamba kila kizazi cha viumbe vyangu nakigandisha mara tatu, katika friji tatu, katika majengo matatu. Sikuwahi kuwaambia sababu.

Siku moja Dama alinisindikiza hadi njiani, jambo asilolifanya, akaniambia Jumapili alasiri ukoo utakaa. Wazee wanataka bibi apelekwe kwa mganga akale kiapo. Vijana wanasema ya nini kupoteza muda. Aliniambia hayo akinitazama usoni, na mpaka leo sijui alikuwa ananipasha habari au ananipa nafasi. Alikuwa amekinusa kibuyu kile.

Jumapili nilikwenda. Walikuwa wanaume wapatao kumi na watano uani, kwenye mabenchi yale ya wateja, na Karisa katikati amejiinamia. Hawe Kache amekaa chini, peke yake, amevaa leso mpya. Mzee mmoja alikuwa akizungumza. Nilisimama nyuma yake, nikamkata maneno, kosa kubwa kwa msichana.

"Ni mimi," nikasema. "Kibuyu nilikiosha mimi."

Hawakukasirika. Hilo sikulitarajia. Karisa aliinua uso akaniuliza nilikiosha kwa kitu gani, nikasema sabuni, mchanga na maji moto. Akaniuliza mara ngapi. Nikasema saba. Wakatazamana, kisha yule mzee aliyekuwa akizungumza akaniambia kwa upole kabisa nikae, mwanangu, una huruma, bibi huyu amekulisha korosho na wewe unataka kumfichia. Kibuyu cha babu hakifi kwa sabuni. Kijana mmoja akacheka. Wiki sita nimeogopa kusema, na sasa nimesema, na hakuna anayenisadiki.

Basi nikawaambia kwamba mashapo yaliyomo sasa niliyaomba Magogoni, kisha nikafanya lile pekee nililofundishwa. Niliomba tembo bichi la siku ile, likaletwa kidogo kutoka mnazini kwa chombo kipya kisichopata kugusa kibuyu. Niliomba chupa mbili zichemshwe jikoni kwa Dama, mbele ya macho yao. Nikamwomba Karisa mwenyewe atie katika moja mashapo ya kibuyu chake, na yule kijana aliyecheka nikamtuma Magogoni alete mashapo ya mangwe niliyomtajia, atie katika nyingine. Wakazifunga vitambaa, wakaziweka ndani ya sanduku la Karisa lenye kufuli. Nikawaambia kama nasema uongo, kesho zitakuwa na ladha mbili tofauti. Jumatatu walimwita mteja mmoja mkongwe, aliyekunywa mangwe zote za Kisauni na kususia nusu yake, wakampa zote mbili bila kumwambia ni zipi. Alinusa. Alionja ya kwanza akatema, akaonja ya pili akatema. Akasema mnanichezea, hili ni moja, na ni la Magogoni, mlilitia lini humu? Nimefanya majaribio mengi tangu siku ile, mengine yakanipatia vyeo, ila sijafanya jingine ambalo niliomba Mungu lithibitishe kosa langu.

Karisa aliniambia nisikanyage tena kwake, na isipokuwa mara moja, miaka mitatu sikukanyaga, mpaka Dama alipotuma mtu kuniita. Daktari Mumo alisikiliza, akafunga jalada, akaniambia nianze upya na hamira ya mkate. Shangazi habari zilimfikia kabla yangu. Nilimkuta sebuleni, nikapiga magoti nikaanza kulia, naye akaniuliza nalilia nini. Akasema alijua ni tembo tangu mwezi wa kwanza, mbona mimi humwona mjinga, ndimu gani ile kila siku. Nikamwuliza siku ile ya darsa aliwajibu nini wale wanawake. "Niliwaambia ni chachu ya vitumbua," akasema. "Mama yangu mimi alikuwa akiumulia vitumbua kwa tembo, na wao mama zao vilevile. Wakaendelea kusoma." Hakukuwa na kitu nyuma ya lile pazia. Nilimwua mama wa vibuyu, nikamwacha bibi wa watu wiki sita na panga mlangoni, kwa kuogopa jambo lililokwisha kwa sentensi moja wakati mimi nimefungulia maji.

Hawe Kache aliambiwa amesafika. Wazee walimpa mkono mmoja mmoja. Lakini watu walikuwa wameshazoea kutokula cha mkononi mwake, na mdomo ukikubali tumbo hukataa. Mpwa wake akaja kumchukua ampeleke Kaloleni. Asubuhi ya kuondoka kwake niliivunja amri ya Karisa nikapita kwa nyuma. Nilimkuta anafunga vitu vyake katika leso, vichache mno. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Aliniuliza kama nilijua tangu siku ya kwanza. Nikasema naam, Hawe. Akatikisa kichwa, akaendelea kukunja.

"Mimi nilikaa humu nikijiuliza," akasema. "Nikasema, labda siku moja nilimwonea kijicho Karisa, ana watoto, mimi sina. Nikaitafuta siku hiyo, nikaipata. Ukitafuta utapata tu. Basi nikajua ni mimi. Jumapili ile nilikuwa nangoja yule mzee amalize, niseme. Leso nilivaa kwa hilo. Wewe ukasema kwanza."

Alifunga fundo, akalikaza kwa meno, kisha akaniuliza kama ni kweli wale wadudu wa kibuyu hufa kwa maji moto matupu, bila neno wala kijicho cha mtu. Nikamwambia ni kweli. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akaniambia nirudie tena.